Adui Aandamaye na Adui Arudiye

Kukimbizwa ni jambo la kale kuliko vita. Kabla mwanadamu hajajua kufua chuma alijua kukimbia, na kabla hajawa mwindaji alikuwa windo la wanyama wenye meno makali kuliko yake. Kumbukumbu ya hali hiyo haikufutika. Watoto wakimbizanapo uwanjani jioni, yule aliye mbele hupiga ukelele wa hofu na wa furaha kwa pamoja, ingawa ajua vema kwamba amwandamaye ni ndugu yake au mtoto wa jirani, na kwamba akishikwa hatapata dhara yoyote ila zamu yake ya kufukuza. Kuandamwa kuna hofu yake yenyewe, mbali na hofu ya jambo litakalotendeka baada ya kukamatwa.

Katika robo ya mwisho ya karne ya 20 mchezo huu wa kale ulihamia mahali papya. Mwaka 1978, katika Chuo Kikuu cha Essex nchini Uingereza, mwanafunzi Roy Trubshaw alianza kuunda ulimwengu wa maneno ndani ya kompyuta, naye mwenzake Richard Bartle akauendeleza. Watu kadhaa waliweza kuingia humo kwa wakati mmoja, kila mmoja katika sura ya mtu wa kubuniwa, wakatembea, wakasemezana na wakapigana. Kutokana na mbegu hiyo na nyingine za namna yake ilimea michezo ya mtandao ya leo, ambamo maelfu ya watu huishi kwa saa nyingi maisha ya mashujaa, waganga na wapiga upinde katika nchi zisizokuwako. Katika nchi hizo wamo maadui wasiokuwa watu: majoka, mazimwi, majambazi na mizimu, wanaoendeshwa na programu. Kazi yao ni kumwona mgeni, kumchukia na kumwandama.

Jambo hili laweza kuonekana dogo, lisilostahili wino wa wenye elimu. Walakini ndani yake yamo maswali matatu ambayo si madogo. La kwanza: hatari ya adui hukaa wapi, katika nguvu za mkono wake au katika urefu wa uandamaji wake? La pili: ikiwa adui ana mpaka asiouvuka, na akimbiaye aujua mpaka huo, je, ushujaa wa kumkabili ni ushujaa kweli? La tatu, na ndilo zito kuliko yote: mtu akimbiaye adui awiwa nini na watu wengine walioko njiani mwake?

Ili maswali haya yapimwe kwa haki, hapana budi kwanza kujua jinsi adui wa namna hii afanyavyo kazi. Adui wa mchezo hana njaa, hana hasira, wala hana kumbukumbu ya jana. Ana duara la kuona lililomzunguka. Mchezaji akilikanyaga, adui huamka. Ana daftari la chuki, ambamo kila pigo alilopigwa huandikwa mbele ya jina la aliyelipiga, na kila mara humwandama yule ambaye hesabu yake ni kubwa kuliko za wengine. Ana hesabu ya njia, imwonyeshayo jinsi ya kuzunguka mti au ukuta ili amfikie amtakaye. Mwisho ana, au hana, amri ya kurudi. Ni katika amri hii ya mwisho kwamba walimwengu hawa wa kubuni hutofautiana, na tofauti hiyo imebadili tabia za watu waliomo kuliko ukubwa wa majoka au ukali wa panga.

Mfano wa ulimwengu ambamo adui hakuwa na amri ya kurudi ni mchezo wa EverQuest, uliofunguliwa Machi 1999 nchini Marekani. Nchi ya mchezo huo iligawanywa katika maeneo, na kila eneo lilikuwa na mlango wa kwenda eneo la pili. Adui aliyeamshwa alimwandama mchezaji bila ya kuchoka mpaka mmoja wao afe, au mchezaji auvuke mlango wa eneo, kwa kuwa adui hakuweza kuuvuka. Kati ya pango na mlango huweko mwendo wa dakika nyingi, na njiani mlikuwa na maadui wengine walioamka kwa kupitiwa karibu, wakajiunga na wa kwanza. Mtu aliyekimbia na zimwi moja nyuma yake alifika mlangoni na mazimwi kumi. Wachezaji waliuita msururu huo kwa jina la garimoshi, kwa kuwa ulikuwa na kichwa kimoja mbele na mabehewa mengi nyuma.

Bei ya kushindwa ilikuwa kubwa. Aliyekufa alipunguziwa maarifa aliyoyachuma kwa siku nyingi. Mwili wake ulibaki mahali alipoangukia pamoja na mali yake yote, naye alizaliwa tena mbali, mikono mitupu, akalazimika kurudi kuutafuta katikati ya maadui wale wale waliomwua. Asipoupata katika muda uliowekwa, mwili ulioza na mali ikapotea pamoja nao. Kwa hiyo mtu alipoona zimwi limegeuza uso kumtazama, kilichomjia si hofu ya pigo moja. Ilikuwa hesabu ya usiku mzima wa kazi uliokuwa karibu kupotea.

Mfano wa ulimwengu wa pili ni World of Warcraft, uliofunguliwa Novemba 2004. Huko porini adui hupewa kamba isiyoonekana. Akivutwa mbali na makazi yake, au akimwandama mtu kwa muda bila ya kupigwa, hukata tamaa kwa ghafula, hugeuka na kurudi mbio alikotoka. Awapo katika kurudi hadhuriki, na mara afikapo kwake uzima wake wote umemrudia. Pigo alilopigwa ni kama halikupigwa. Chuki aliyokuwa nayo ni kama haikuandikwa. Bei ya kifo nayo ilishushwa: roho ya aliyekufa hutoka makaburini, hutembea hadi ulipo mwili, humrudia mwenyewe, na hasara ni uchakavu wa silaha na mavazi pamoja na muda wa safari hiyo.

Watu walioyajua makazi yote mawili walisema mara nyingi kwamba ulimwengu wa kwanza ulikuwa na hatari na wa pili hauna. Usemi huu una ukweli, lakini haujachambuliwa. Zimwi la ulimwengu wa pili laweza kuwa na mkono mzito kuliko la kwanza, na laweza kumwua mtu kwa mapigo machache zaidi. Basi kilichopungua ni nini? Si nguvu za adui. Kilichopungua ni eneo ambalo nguvu hizo hufika. Simba aliye katika tundu la chuma ana meno yale yale ya simba wa mbugani. Hakuna aliyemng'oa hata jino moja. Hata hivyo mtoto hula embe mbele yake bila ya wasiwasi. Hatari, basi, si sifa iliyomo ndani ya adui kama rangi ilivyomo ndani ya kitambaa. Ni uhusiano kati ya pande mbili, nao hupimwa kwa mambo matatu: adui aweza kutenda nini, aweza kufika wapi, na mwenye kukamatwa atapoteza nini. Moja la mambo haya likiwa sifuri, hatari nzima huanguka, hata kama yale mawili yangekuwa makubwa kama mlima.

Katika maumbile hakuna mnyama aandamaye bila ya kikomo. Duma hupita wanyama wote wa nchi kavu kwa kasi, lakini mbio zake hazizidi mamia machache ya mita. Asipomshika swala katika mwendo huo humwacha, akalala kivulini akihema. Mbwa mwitu wa mbugani hawana kasi hiyo, walakini huweza kuandama kwa umbali mrefu zaidi, na windo lao mara nyingi hushindwa kwa kuchoka. Kila mnyama, pasipo kujua hesabu, hufanya hesabu: chakula kitakachopatikana chastahili pumzi itakayotumika au hakistahili? Iko hekaya ya kale iliyo katika zile za Aesop, ya mbwa aliyeshindwa kumkamata sungura akachekwa na mchunga mbuzi. Mbwa alijitetea kwamba yeye alikuwa akikimbilia mlo, na sungura alikuwa akikimbilia uhai. Hapo ndipo ilipo huruma ya maumbile: awindaye ana jambo dogo la kupoteza kuliko awindwaye, na kwa hiyo huacha mapema.

Zimwi la EverQuest halikuwa na huruma hiyo, kwa sababu halikuwa na pumzi ya kuhesabu. Lilikimbia umbali wa hatua elfu kama lilivyokimbia hatua kumi. Kilichowatisha watu kilikuwa kukosekana kwa uchumi huo ambao viumbe vyote vyenye damu huutii. Ukatili wenyewe haukuwa jambo geni. Zimwi la World of Warcraft, kwa upande wake, lafanana na duma kwa nje: hukimbia kidogo, hukata tamaa. Lakini sababu ni mbali mbali. Duma huacha kwa kuwa amechoka, na mwindwa hajui kwa hakika ni lini atachoka. Zimwi huacha kwa kuwa limeamriwa, na mchezaji mzoefu aijua amri hiyo karibu hatua kwa hatua. Kwa duma mwisho wa mbio ni bahati na ustahimilivu. Kwa zimwi ni kanuni. Na hofu ikutanapo na kanuni hugeuka kuwa hesabu.

Hapana budi kukiri kwamba kikomo si kosa kila mahali. Mwaka 1980 Toru Iwatani wa Japani alipotoa mchezo wa Pac-Man, aliwapa mizuka minne ya mchezo huo vipindi viwili vyenye kupokezana: kipindi cha kuandama, na kipindi cha kutawanyika kila mmoja pembeni mwake. Katika hatua ya kwanza huandama kwa sekunde 20 na hutawanyika kwa sekunde 7. Pasipo sekunde hizo saba mchezaji angekuwa katika dhiki isiyo na pumzi, na dhiki isiyo na pumzi huua hofu kama raha isiyo na mwisho iuavyo furaha. Adui apumzikaye na kurudi hutisha zaidi ya adui asiyeondoka. Walakini mzuka wa Pac-Man hurudi. Zimwi la kamba halirudi. Moja ni pumzi kati ya mawimbi, na lingine ni ufuko usiofikiwa na maji.

Hapa huinuka pingamizi la wale wasemao kwamba mazungumzo haya yote ni bure, maana katika mchezo hakuna hatari hata chembe. Hakuna aliyevuja damu kwa upanga wa zimwi la kompyuta. Pingamizi hili lina nguvu ya macho lakini halina nguvu ya fikira. Johan Huizinga, mwanachuoni wa Uholanzi, katika kitabu chake Homo Ludens cha mwaka 1938, alionyesha kwamba mchezo una uwanja wake na amri zake zilizotengwa na maisha ya kila siku, na kwamba wachezao huweza kuuchukua kwa bidii kamili. Naye Bernard Suits, katika kitabu cha mwaka 1978, alieleza kwamba kucheza ni kukubali kwa hiari vizuizi ambavyo mtu hakuwa na lazima navyo. Mshindani wa mbio za kuzunguka uwanja angeweza kukata katikati akafika upesi. Hafanyi hivyo, kwa kuwa angefika mahali na kuupoteza mchezo. Hatari ya mchezo ni kizuizi cha namna hiyo. Ni ya kuchaguliwa, lakini ikisha kuchaguliwa huwa na madai yake. Saa alizotumia mtu ni saa za umri wake wa kweli. Mwenzake aliyeangamizwa kwa uzembe wake ni mtu wa kweli aliyekaa mbele ya kompyuta katika mji mwingine, na uchungu wake si wa kubuni.

Basi na ulizwe swali la ushujaa. Aristotle, katika kitabu cha tatu cha maandiko yake ya maadili yaliyopewa jina la Nicomachus, aliuweka ushujaa kati ya woga na ujahili: shujaa huogopa yapasayo kuogopwa, kwa kadiri ipasayo, naye husimama kwa ajili ya lililo jema. Kisha alitaja mambo yafananayo na ushujaa ambayo siyo ushujaa wenyewe. Mojawapo ni uzoefu. Askari wa kukodiwa, waliozoea vita, huonekana mashujaa kwa kuwa wajua vishindo vingi vitani ni vitupu, na wengine hawajui. Lakini hatari ya kweli izidipo nguvu zao, hao ndio watanguliao kukimbia, hali raia wa kawaida hubaki na kufa mahali pao.

Mchezaji aijuaye kamba ya adui ni kama askari huyo. Huingia pangoni kwa hatua pana, huamsha majambazi watatu, huona wamemzidi, hukimbia umbali aujuao, nao hurudi. Huitwa hodari, na kweli ni hodari. Lakini uhodari wake ni wa ujuzi, si wa moyo. Mithali ya Waswahili husema kwamba kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio. Mithali hii humkumbusha mtu kwamba ushujaa una bei. Palipofutwa kilio hapawi tena na tofauti kati ya nyumba hizo mbili: kote huenda kicheko, na kicheko kisichokuwa na kilio upande wa pili hakimsifu mtu wala hakimwaibishi.

Lakini ingekuwa upungufu kuishia hapo, kana kwamba jambo lote ni la mtu mmoja na zimwi lake. Katika EverQuest mlango wa eneo haukuwa mahali patupu. Palikuwa mahali pa watu. Wanyonge walikaa karibu nao kwa sababu ile ile iliyomfanya mkimbizi aukimbilie: palikuwa na njia ya kutokea. Wageni walijifunza kupigana hapo, majeruhi walipumzika hapo, marafiki walingojana hapo. Mkimbizi alipofika na mazimwi kumi akauvuka mlango, yeye aliokoka. Mazimwi yaliyokosa windo lao yaligeuka ili yarudi makwao, na katika kugeuka yalimwona kila aliyekaa karibu. Garimoshi lililomkosa kichwa lake lilipita juu ya abiria waliokuwa wakilingoja jingine.

Kutokana na msiba huu ulizaliwa wajibu ambao haukuandikwa na waundaji. Ilikuwa desturi kwamba akimbiaye apige ukelele uliosomwa na watu wote wa eneo, akitaja kwamba aja na garimoshi na ni upande gani wa mlango aelekeako. Waliousikia walisimama, wakaacha mapumziko yao, wakauvuka mlango au wakajitenga na njia. Aliyekimbia kimya alihesabiwa mtu mbaya, na jina lake lilitembea mbele yake. Katika jamii ambayo kundi la watu sita lilihitajika kwa kazi nyingi, jina baya lilikuwa hasara kuliko kifo.

Tazama basi wakimbizi watatu. Wa kwanza hukimbia kimya kwa kuwa kuandika ukelele kutampotezea nukta moja au mbili, na nukta hizo ni uhai wake. Wa pili hupiga ukelele, akapoteza nukta hizo, akauvuka mlango akiwa na pigo moja mgongoni. Wa tatu, aonapo kwamba mlangoni pamejaa wanyonge wasioweza kusimama kwa wakati, hugeuka mbali na mlango, akakimbilia porini na kufia huko. Wa kwanza hakumwua mtu kwa mkono wake, na kisingizio chake ni chepesi kutamkwa: walioua ni mazimwi. Lakini mwenye kuchota moto kwa jirani akaupitisha juu ya mapaa ya makuti ya watu hawezi kusema kwamba kilichounguza ni cheche. Hatari aliyoiamsha mtu ni mali yake hata akiwa haitaki, na hawezi kuihamisha kwa mwingine kwa kukimbia tu. Wa pili amelipa deni lake. Wa tatu amelipa zaidi ya deni, na ndiye pekee kati ya watatu ambaye Aristotle angemtazama mara ya pili.

Waundaji wa michezo waliiona dhuluma ya garimoshi. Katika Final Fantasy XI, uliotoka Japani mwaka 2002, wako watu waliovuta maadui makusudi ili wawaue wenzao, kwa kuwa sheria za mchezo hazikuwaruhusu kuwapiga kwa mikono yao. Baadaye mchezo ulirekebishwa, adui aliyepotewa na windo akatoweka na kutokea tena kwake badala ya kurudi akishambulia njiani. Hata World of Warcraft ulikuwa na upenyo katika miaka yake ya mwanzo. Jitu liitwalo Lord Kazzak halikuwa na kamba ya kutosha, na wachezaji walilivuta kutoka nyikani hadi mji wa Stormwind. Kila aliyekufa karibu nalo alilirudishia uzima; kwa hiyo katika mji uliojaa wanyonge halikuuawa kwa urahisi, bali lilinenepa kwa vifo vya watu. Waliolileta walicheka, na waliokufa hawakujua kwa nini. Hatimaye waundaji walilifunga lisiweze kuvutwa tena.

Kutokana na mifano hii amri ya kurudi huonekana kwa sura nyingine. Mwanzo ilionekana ni huruma kwa akimbiaye. Sasa yaonekana ni ulinzi kwa yule asiyehusika. Ushahidi wa jambo hili umo katika World of Warcraft wenyewe: ndani ya mapango ambamo kundi moja huingia peke yake, pasipo mpita njia, adui aliachwa aandame hadi mlangoni. Palipo na watu wa tatu pana kamba. Pasipo na watu wa tatu kamba hulegea.

Sheria za mataifa zajua jambo hilo hilo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya Sheria ya Bahari wa mwaka 1982, katika kifungu cha 111, huiruhusu dola kuiandama meli ya kigeni iliyovunja sheria katika maji yake, hata nje kwenye bahari kuu, maadamu uandamaji haukukatika. Lakini meli hiyo ikiingia katika maji ya nchi yake au ya nchi ya tatu, haki ya kuiandama hukoma papo hapo. Mkosaji hakusamehewa, wala kosa lake halikufutwa. Kilichoheshimiwa ni utulivu wa mwenye maji ambaye hakualikwa katika ugomvi.

Hapa ndipo penye ugumu wa kweli. Dhuluma ya garimoshi ilipoondolewa, wajibu wa kupiga ukelele uliondoka pamoja nayo. Mkimbizi wa leo hakimbii kimya kwa ubaya. Hukimbia kimya kwa kuwa hana la kumwambia mtu. Hakuna tena wa kwanza, wa pili wala wa tatu. Wote watatu wamekuwa mtu mmoja. Je, ulimwengu ambamo haiwezekani kumdhuru jirani ni bora kuliko ulimwengu ambamo yawezekana na watu hujizuia?

Wako watakaojibu kwamba wema usio na nafasi ya ubaya si wema, na kwa hiyo garimoshi lirudishwe. Jibu hili lina kiburi ndani yake. Hakuna hakimu aachaye nyumba iungue ili majirani wajifunze kubeba maji. Wema uliozaliwa na msiba ni wa kusifiwa, lakini msiba haupati haki ya kuendelea kwa sababu ya wema huo. Mgeni aliyekanyagwa mlangoni katika usiku wake wa kwanza hakuwa chombo cha kufundishia maadili ya watu wengine. Wako pia watakaojibu kwamba usalama ni bora daima, na jambo limekwisha. Jibu hili nalo ni pungufu, kwa kuwa husahau kwamba watu waliingia katika nchi hizi kutafuta jambo ambalo usalama hauwezi kuwapa.

Agosti 2023 ulifunguliwa rasmi mlango wa aina nyingine katika World of Warcraft ya kale: milki ambamo mwenye kufa hafufuki tena kuendelea na safari yake pamoja na wenzake. Zimwi lilikuwa lile lile. Kilichobadilika zaidi ni bei. Mara moja hatua thelathini za mwisho kabla ya adui kugeuka zikawa ndefu kama zilivyokuwa zile za zamani, na watu wakaanza tena kuonyana njiani. Tena zikaripotiwa habari za wachache waliovuta maadui wakali hadi penye wageni. Wema na ubaya vilirudi siku moja, kwa mlango mmoja.

Tofauti ni kwamba safari hii kila aliyeingia alijua anaingia wapi. Hapo ndipo jibu lilalo. Hatari si njema wala si mbaya kwa urefu wa uandamaji wa adui. Hupimwa kwa kuuliza ni nani aliyeikubali. Mtu ana haki ya kujichagulia adui asiyerudi nyuma. Hana haki ya kumchagulia jirani. Mwundaji wa mchezo, kama mtunga sheria yeyote, hutenda haki alipowawekea kamba maadui wa njia kuu ipitwayo na wote, na hutenda haki vile vile alipowaachia wale wa pangoni wawaandame wenye kuingia kwa kujua. Hukosa atakapotia kamba kila mahali kwa kuchelea malalamiko, au asipotia popote kwa kupenda kelele.

Iko hadhari moja kwa mchezaji. Maadui wengi wa nje ya mchezo hawana amri ya kurudi. Deni halikomi mtu avukapo mtaa. Ugonjwa uliofichwa haukati tamaa kwa kuwa mgonjwa amekimbia hatua thelathini. Na uwongo uliosemwa leo humwandama msemaji, ukiokota mwingine njiani kila kona, mpaka aukutanishe na watu wasiohusika. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, na ukingo wa maisha haukuchorwa na mwundaji mwenye huruma. Mtu akishindwa kuzuia alichokiamsha, na apige ukelele ili walioko mlangoni wapate nafasi ya kusimama.